Naomba ushauri: usaha baada ya kutoa glioblastoma (saratani kali ya ubongo), mionzi ianze lini?

Wakuu, mgonjwa wa glioblastoma, wiki ya nne baada ya upasuaji, kidonda kinatoa usaha. Homa hana, lakini yuko kwenye deksamethasoni (dawa ya steroidi), nayo huificha homa. Maabara imeotesha bakteria Staphylococcus aureus. Kipande cha fuvu kilichorudishwa hakipati damu ya kutosha, bakteria hujenga utando juu yake na dawa haiwafikii. Mpango ni kukitoa, kusafisha, kisha antibiotiki, kuanzia ya mshipani, jumla wiki 6.

Kinachotukwamisha ni mionzi: Gy (grei, kipimo cha dozi ya mionzi) 60 kwa vipindi 30, pamoja na dawa ya saratani temozolomide mg 75 kwa mita ya mraba kila siku. Tukichelewa uvimbe unakua. Tukiwahi, ngozi haifungi na chembe nyeupe zinashuka.

Tafadhali, hoja ya kwamba maambukizi ya kidonda humwongezea mgonjwa wa glioblastoma maisha tuiweke kando. Tafiti zinapingana, na aliyepata usaha wiki ya nne tayari alikuwa amevuka wiki tatu, hivyo huonekana ameishi zaidi hata kama maambukizi hayakumsaidia. Pale Chuo Kikuu cha California, Davis, wagonjwa 3 waliwekewa bakteria Enterobacter kwa makusudi mwaka 2010 na 2011 kwa kufuata hoja hiyo. Madaktari wale walizuiwa kufanya utafiti kwa binadamu.

Nyie mnasubiri muda gani baada ya kidonda kufunga? CRP (kipimo cha damu kinachopanda kukiwa na maambukizi) mnaiamini mgonjwa akiwa kwenye steroidi? Na fuvu bandia, kabla ya mionzi au baada?