Adenoma ya milimita 8: kamera irudiwe lini?

Mwanga_Kgm: Wakuu, polipu (kinyama kilichoota ndani ya utumbo) imetolewa yote. Maabara inasema adenoma moja (polipu ya aina inayoweza kugeuka saratani ikiachwa), milimita 8. Kamera ya utumbo mpana irudiwe lini?

Muuguzi_Ujiji: Adenoma moja au mbili chini ya milimita 10, mwongozo wa Marekani wa 2020 unasema miaka 7 hadi 10. Ikifika milimita 10, miaka 3. Hapo ni kama utumbo ulikuwa safi, la sivyo hesabu hiyo haina maana.

Kasulu_Dawa: Na wengi hukwama kwenye kusafisha! Siku moja kabla acha maharage na matembele. Chai ya rangi sawa, maziwa hapana. Dawa ya kusafisha inywewe nusu jioni, nusu ianze kunywewa zikibaki saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo. Vidonge vya madini ya chuma viachwe wiki nzima kabla, hufanya kinyesi cheusi kinachong'ang'ania ukutani.