Watoto wa malezi ya kambo wanahamishwa, masomo yao yanaachwa nyuma: Ustawi wa Jamii na Elimu, mtajibizana hadi lini?

Ndugu wanajamvi,

Naandika uzi huu nikiwa na hasira, na sina sababu ya kuificha. Mtoto anapoondolewa katika nyumba isiyo salama na kukabidhiwa kwa mlezi wa kambo, mamlaka huwa imekwisha kumwamulia mambo mazito: alale wapi, alelewe na nani, aishi kata gani. Jambo ambalo hakuna anayeliamua ni shule. Hakuna anayeulizwa mtoto huyo Jumatatu ataingia darasa gani, kumbukumbu zake zitafikaje huko, na nani atakayesaini pale panapoandikwa “mzazi”. Anashushwa mlangoni kwa mlezi akiwa na mfuko wa nguo na barua moja ya Ustawi wa Jamii, kisha kila ofisi inarudi kwenye shughuli zake kana kwamba kazi imekwisha.

Ninalea watoto wawili wa namna hiyo hapa Ilemela, dada na mdogo wake wa kiume, waliotoka Ukerewe. Yaliyowatoa kwao sitayaeleza hapa, kwa sababu ni yao wenyewe. Dada alikuwa darasa la nne, yaani mwaka wa Upimaji wa Kitaifa, na mdogo wake alikuwa darasa la pili, akiwa ndiyo kwanza anaanza kusoma sentensi nzima bila kufuatisha kwa kidole. Walihamishwa katikati ya muhula. Nilipouliza kwa nini wasingesubiri likizo, ilhali kwa wakati ule walikuwa wamehifadhiwa kwa ndugu ambaye hakuwa na neno nao, sikupewa jibu lolote zaidi ya kwamba usafiri ulipatikana wiki hiyo.

Shule ya jirani ilinipokea kwa heshima, nikapewa kiti, kisha nikaambiwa: “Mama, bila uhamisho kwenye mfumo mimi mtoto simpokei.” Mfumo unaotajwa ni PREM, ule wa Baraza la Mitihani, ambamo kila mwanafunzi ana namba yake na ambamo shule anayotoka inapaswa kumtoa ili shule anayokwenda imchukue. Nikaomba basi wakae darasani wakisubiri. Nikajibiwa kwamba mkaguzi akifika na kukuta mtoto asiyekuwamo kwenye orodha, atakayeulizwa ni mwalimu mkuu. Nikapiga simu shule ya zamani. Huko wakasema hawamtoi mtoto kwenye mfumo mpaka mzazi afike mwenyewe aandike barua ya kuomba uhamisho, arejeshe vitabu, amalize deni la mchango wa chakula, ndipo apewe barua pamoja na kadi ya maendeleo ya mwanafunzi, ile TSM 9.

Mzazi yupi, ndugu zangu? Hawa watoto wako kwangu kwa sababu hawana mzazi wa kuandika barua hiyo. Utaratibu mzima wa uhamisho umejengwa juu ya mtu mmoja ambaye, kwa mtoto wa malezi ya kambo, ama amekufa, ama hajulikani aliko, ama ndiye aliyefanya mtoto aondolewe nyumbani. Kumtaka mtu huyo aje kusaini ni kumwambia mtoto asisome, ila kwa maneno ya kiofisi.

Kwa wasiolijua Ziwa Victoria, naomba nieleze maana ya kuambiwa “nenda kafuate barua”. Aliye Ukara, kisiwa kilichomo wilaya hiyo ya Ukerewe, huvuka kwa kivuko kutoka Bwisya hadi Bugolora, akashika barabara hadi Nansio, kisha akapanda meli ya Mwanza. Na anayekwenda kufuata karatasi kutoka Mwanza hupita njia hiyo hiyo kinyumenyume, akilala njiani, akijilipia nauli na chakula, bila uhakika wa kumkuta mwalimu ofisini. Walezi wengi wa kambo ninaowafahamu ni wauza dagaa, wakulima wa bustani na mafundi cherehani. Hawalipwi mshahara kwa malezi haya. Waliwapokea watoto kwa moyo wao, halafu wanafanywa matarishi kati ya ofisi mbili za umma ambazo zote zina simu.

Sasa sikilizeni jambo lililoniumiza kuliko mengine yote. Katika wiki hizo ambazo watoto walikuwa wanashinda kibarazani kwangu wakiwa na madaftari na hamu ya kusoma, shule yao ya zamani ilikuwa inawaita majina kila asubuhi na kuwaandika watoro. Rejista inasema mtoto ni mtoro, wakati mtoto amevaa sare na amekataliwa langoni mwa shule nyingine. Utoro huo hauishii kwenye rejista, maana kadi ya maendeleo ilipofika hatimaye, ilikuja na siku zote hizo za kutohudhuria, na mwalimu wa darasa jipya, ambaye hakujua lolote juu ya maisha yao, aliitazama akamuuliza binti mbele ya wenzake alikuwa anazurura wapi. Binti hakujibu, na tangu siku hiyo mpaka muhula ulipofungwa hakunyoosha mkono tena darasani. Nani atakayeifuta hiyo alama ya utoro? Niliomba irekebishwe, nikaambiwa kumbukumbu hazirekebishwi.

Nilikwenda Ustawi. Nikaambiwa kwa upole, “Mama yangu, hilo la shule ni la Elimu.” Nikaenda Elimu. Nikaambiwa watoto hao ni wa Ustawi, hivyo Ustawi ndio waandike. Niliwauliza wote wawili kama waliwahi kukaa meza moja kuzungumzia mtoto mmoja tu wa malezi ya kambo, na kimya nilichokipata kilikuwa jibu la kutosha. Ofisi hizo zote ziko chini ya halmashauri, na kutoka moja hadi nyingine mtu anatembea kwa miguu.

Naomba mtu asiniambie kwamba sheria haipo. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inaagiza kwamba maslahi bora ya mtoto yazingatiwe kwanza katika kila jambo linalomhusu, iwe linafanywa na taasisi ya umma au ya binafsi, na inaitaja elimu miongoni mwa mahitaji ambayo mtoto hapaswi kunyimwa. Sheria hiyo hiyo inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto aliye katika eneo lao. Kuna kanuni za malezi ya kambo za mwaka 2012. Kuna Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, inayomlazimisha mtoto wa shule ya msingi kuandikishwa na kuhudhuria, na inayomtia hatiani mzazi au mlezi anayemwacha mtoto nyumbani. Yaani mimi naweza kushtakiwa kwa sababu mtoto hayuko darasani, na anayemkataza kuingia darasani hashtakiwi na yeyote.

Nafahamu hoja ya walimu na siidharau. Wanafunzi hewa waliwahi kuitia nchi hii hasara. Ruzuku ya uendeshaji inatumwa shuleni kwa kufuata idadi ya wanafunzi, kwa hiyo mtoto akisomeka katika shule mbili hesabu inaharibika. Zaidi ya hayo, mwalimu anayempokea mtoto yeyote aliyeletwa na mtu yeyote anaweza kujikuta anamsaidia mtu aliyemwiba mtoto. Hofu hizo ni za kweli. Lakini mimi sikufika mikono mitupu. Nilikuwa na barua yenye mhuri wa Ofisi ya Ustawi wa Jamii inayonitambulisha kuwa mlezi wa watoto hawa kisheria. Kama barua hiyo inatosha kunikabidhi binadamu wawili nilale nao nyumba moja, iweje isitoshe kuwapatia nafasi kwenye dawati?

Mtaona watu wanasema kuchelewa wiki chache si kitu, mtoto atafidia. Wanaosema hivyo hawajakaa na mtoto aliyehamishwa zaidi ya mara moja. Mtoto wa malezi ya kambo mara nyingi huanzia kwa bibi, akaenda kwenye makao ya watoto, akaja kwa mlezi, na huenda akarudishwa kwa ndugu. Kila hatua ina shule yake, na kila shule inampoteza wiki zake. Walimu wawili hawafuati mada kwa mpangilio mmoja hata kama muhtasari ni ule ule wa taifa. Binti yangu aliondoka kabla sehemu, zile za hisabati, hazijafundishwa katika shule ya kwanza, akafika shule ya pili zikiwa zimekwisha kufundishwa, na hakuna mwalimu aliyejua kwamba kuna shimo hapo mpaka nilipoona mimi mwenyewe usiku mmoja akilia juu ya swali la robo na nusu. Hilo lingeonekana siku ya kwanza kama mtu angesoma madaftari yake.

Badala yake alipewa jaribio, akafanya vibaya, na uongozi ukapendekeza arudishwe darasa la tatu. Lafudhi yake ya visiwani nayo ilitajwa, eti Kiswahili chake hakijakaa sawa. Huku ndiko kunakoitwa kumsaidia! Kwa watoto hawa kurudishwa darasa si jambo dogo: kunamtenganisha na rika lake wakati amekwisha kutenganishwa na kila mtu aliyemjua. Na kwa utaratibu mpya ulioanza Januari 2024, ambapo elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba, nafasi ya mtoto kujikusanya kabla ya kufika mwisho imepungua kwa mwaka mzima. Nilikataa, nikasimamia kukataa kwangu, akabaki darasa la nne. Namba yake ilihamishwa kwenye mfumo dakika za mwisho kabla usajili wa upimaji haujafungwa, baada ya mwalimu mmoja wa taaluma, ambaye sitamtaja ila namshukuru kwa dhati, kuchukua simu na kuzungumza na mwenzake wa Ukerewe kama mwalimu kwa mwalimu. Simu moja ilimaliza kilichoshindikana kwa barua zote nilizozibeba. Ingekuwaje kwa mtoto ambaye hakumpata mwalimu huyo?

Huko mbele kuna mtego mwingine. Mtoto akifanyia mtihani wa darasa la saba Ukerewe, kisha akahamishiwa kwa mlezi Mwanza mjini, nafasi yake ya kidato cha kwanza hupangwa kwa kufuata alikofanyia mtihani. Januari inafika, wenzake wa mtaani wanakwenda kuripoti, naye anaambiwa shule yake iko ng’ambo ya maji, na safari ya uhamisho inaanza upya, safari hii kwa vibali vya ngazi nyingine. Kuna mlezi mwenzangu wa Nyakato ambaye kijana wake alikaa nyumbani kwa sababu hiyo, na yule kijana alikuwa amefaulu vizuri.

Nchi nyingine zimeona tatizo hili na zikalitungia sheria. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2008 na nyingine ya mwaka 2015, mtoto anayewekwa kwa mlezi anapaswa kubaki katika shule yake ya awali isipokuwa ionekane kwamba hilo halimfai, na akilazimika kuhama, shule mpya inamwandikisha mara moja hata kama kumbukumbu hazijafika, kisha shule yenyewe inazifuata. England, tangu sheria ya mwaka 2014, kila mamlaka ya mitaa inalazimika kuwa na ofisa anayesimamia elimu ya watoto wote walio chini ya uangalizi wake, popote wanaposoma. Hayo hayahitaji fedha za wafadhili wala jengo jipya. Kuandika “mpokee kwanza, karatasi zitafuata” ni waraka wa ukurasa mmoja.

Ninachokitaka kwa halmashauri zetu, kuanzia Ilemela na Nyamagana hadi Ukerewe, Sengerema na Buchosa, ni hiki. Barua ya Ustawi inayomkabidhi mtoto kwa mlezi itaje na shule atakayoingia, na nakala yake iende siku hiyo hiyo kwa Afisa Elimu Kata wa anakotoka na wa anakokwenda. Saini ya mlezi wa kambo au ya Afisa Ustawi ikubalike mahali pa saini ya mzazi. Deni la mchango lisimzuie mtoto kutolewa kwenye mfumo, kwani deni hilo si lake. Na kama hakuna hatari inayolazimisha ahamishwe leo, asubiri muhula ufungwe. Tunaoishi kandokando ya ziwa hili tunajua mtoto anavyoweza kubaki bila mzazi ndani ya saa moja. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama jirani na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, zaidi ya watu 220 walipoteza maisha, na wengi wao walikuwa wazazi wa watu. Watoto wa namna hii wataendelea kuwapo, na utaratibu wa kuwapokea shuleni ulipaswa kuwa tayari zamani.

Humu jamvini wamo walimu wakuu, maafisa elimu na maafisa ustawi. Sihitaji pole wala kuambiwa nifike ofisini kwenu. Nijibuni hapa hapa, mbele ya watu: ni kifungu kipi cha sheria kinachomruhusu mwalimu mkuu kumrudisha nyumbani mtoto aliyeletwa na barua ya Ustawi, na ni nani katika halmashauri yako, kwa cheo chake, anayepaswa kuhakikisha kwamba mtoto huyo yuko darasani kesho yake?