Kwa nini vipindi vya uhalisia vinavyohusu familia vinatushika kiasi hiki?

Jioni_Tulivu aliuliza:
Habari zenu ndugu. Nilifuatilia Keeping Up with the Kardashians, kipindi cha televisheni cha Marekani kuhusu maisha ya familia ya Kardashian na Jenner, kwa miaka mingi, na kilipofikia tamati mwaka 2021 baada ya misimu 20, nilipatwa na huzuni kama ya mtu ambaye majirani zake wamehama. Sina utajiri unaoonyeshwa pale, mitindo hainivutii, na najua fika kwamba mengi hupangwa kabla kamera hazijawashwa. Hata hivyo, familia hiyo iliporudi mwaka 2022 katika The Kardashians, nami nilirudi bila kusita. Ni nini hasa kinachotuvuta? Jibu la kwamba ni umbea tu naomba tulivuke, kwa kuwa umbea unapatikana kwingi na kwa muda mfupi zaidi.

Mwanazuoni wa Sebuleni alijibu:
Kwa maoni yangu, jibu limo katika jambo moja: ndugu hapigiwi kura ya kutolewa. Katika vipindi vya mashindano, anayegombana na mwenzake hufungasha mizigo, nasi tunamsahau wiki inayofuata. Lakini dada aliyemtukana dada yake Jumatatu atakutana naye kwenye siku ya kuzaliwa ya mpwa wao, na mtazamaji anakaa akisubiri kuona nani ataanza kusalimia. Wahenga walisema ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime, na wakipatana uchukue kapu ukavune. Sisi tumekataa kwenda shamba, tumebaki dirishani tukichungulia.

Kalamu Nyekundu alijibu:
Nakubaliana na hoja hiyo, ila ningeongeza suala la uhariri. Mwaka 1973 kituo cha PBS cha Marekani kilionyesha An American Family, kipindi kuhusu familia ya Loud ya Santa Barbara, ambapo takribani saa 300 za picha zilikatwa hadi zikabaki sehemu 12. Watazamaji walishuhudia mke, Pat, akimwambia mumewe ahame nyumbani. Baadaye familia yenyewe ililalamika kwamba uhariri uliwapotosha, malalamiko ambayo yamerudiwa na washiriki wengi hadi leo.

Kipindi hicho hakikuwa na yale mahojiano ya pembeni tuliyoyazoea sasa, ambapo mtu hukaa peke yake mbele ya kamera na kueleza alichokuwa akikifikiri wakati mama yake akizungumza. Naona mahojiano haya ndiyo yaliyobadilisha mambo. Mtazamaji anageuzwa kuwa msiri wa kila mmoja: anajua kinyongo cha mtoto kabla mama hajakijua, na anajua mpango wa mama kabla watoto hawajaushtukia. Hata katika familia zetu wenyewe hakuna anayepewa nafasi hiyo, kwani kila mtu ana upande wake. (Kwamba mahojiano hayo mara nyingi hurekodiwa baada ya tukio lenyewe, hata mavazi yakawa tofauti, hatujali sana.)

Asiyetazama alijibu:
Mimi niliacha. Keeping Up with the Kardashians kilipoanza, Oktoba 2007, Kylie Jenner, binti mdogo wa familia hiyo, alikuwa na miaka 10, na mama yake, Kris, alikuwa miongoni mwa watayarishaji wakuu. Mtoto wa umri huo anakataaje? Katika The Osbournes, kipindi kuhusu familia ya mwanamuziki Ozzy Osbourne kilichoanza mwaka 2002, binti mkubwa, Aimee, alikataa kushiriki, na hiyo ilikuwa sura niliyotamani kuielewa kuliko zote zilizoonyeshwa.

Jioni_Tulivu alijibu:
Asanteni. Suala la kuwa msiri limenigusa, kwa sababu nimekumbuka kwamba matukio ya kifahari nimeyasahau karibu yote. Niliyobaki nayo ni yale ambayo dada watatu wamekaa jikoni wakila saladi na kumsema wa nne ambaye hayupo. Kuhusu Aimee, nakiri kwamba nilipoutazama mfululizo ule, sikuwahi kujiuliza kama kulikuwa na mtoto mwingine. Nitaanza upya kutoka msimu wa kwanza, na safari hii nitaangalia wanapomtaja.