Wauzaji wa mtandaoni Kampala, mnawafichia nini wezi wa kadi?

Inaudhi! Mwizi anatumia namba ileile ya simu na kupokelea mzigo kwenye steji ileile ya boda Wandegeya, anapita duka hadi duka, na kila duka linanyamaza eti lisichafue jina.

Mkisubiri chajibeki, yaani benki kudai kurudishiwa fedha za malipo yaliyokanwa, mmechelewa. Mwenye kadi akikana malipo, kanuni za Visa huipa benki yake hadi siku 120 kuzidai fedha hizo. Simu aliyoichukua mwizi kwenu imeshauzwa zamani! Dalili zinaonekana mapema: namba moja inajaribu kadi nne, tano ndani ya dakika kumi, zinakataliwa, kisha moja inakubali. Mteja haulizi rangi wala waranti, anataka mzigo leo leo, na boda ikiwa njiani anabadilisha mahali pa kupokelea. Hapo ndipo pa kuambiana, saa ileile: namba ya simu, barua pepe, anwani ya IP (namba ya kifaa au mtandao alioutumia), tarakimu 6 za mwanzo za kadi na 4 za mwisho. Basi.

Na nyinyi mnaorusha picha ya kadi nzima kwenye kundi la WhatsApp, hadi zile tarakimu 3 za nyuma, mnamsaidia nani? Kadi hiyo ni ya mtu aliyeibiwa! PCI DSS, kanuni za usalama za kampuni za kadi, inakataza muuzaji kuhifadhi tarakimu hizo malipo yakishaidhinishwa, na Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019.

Namba za simu zifumbwe kabla ya kutumwa. Heshi tupu, yaani kuigeuza namba kuwa msimbo bila ufunguo, haitoshi, kwa sababu namba za Uganda ni chache: kompyuta ya kawaida inazijaribu zote na kuifumbua. Tumieni HMAC-SHA-256, aina ya heshi yenye ufunguo wa siri, na ufunguo uwe wa pamoja. Kwanza kila namba iandikwe kwa kuanza na +256. Duka moja likiandika 07 na jingine +2567, heshi hazifanani, mwizi anapita mbele ya macho yenu.

3-D Secure nayo, ile hatua ya benki kuhakikisha anayelipa ndiye mwenye kadi, mnaizima eti inachelewesha wateja! Malipo yakithibitishwa kwayo, hasara ya wizi kwa kawaida hubebwa na benki iliyotoa kadi, si duka.

Ila steji peke yake isimfungie mtu, inatumiwa na watu wengi. Kila taarifa iwe na tarehe na sababu, na isipothibitishwa ndani ya miezi sita ifutwe. Nani yuko tayari kuanza wiki hii?