Beji za skauti wadogo hapa Goma: tuwafundishe stadi zipi, na tuwapime vipi?

Akela wa Himbi

Salamu kwenu viongozi na wazazi. Nimekabidhiwa kuwa Akela, yaani kiongozi, wa kundi la skauti wadogo wa parokia yetu, wale tunaowaita luveto, wavulana kwa wasichana, wenye umri wa miaka 8 hadi 11. Mwongozo tuliourithi unataka mtoto apate beji kwa kuwasha moto msituni, kusoma dira, kuogelea na kufunga mafundo ya kamba za hema. Sisi hatuna msitu tunaoweza kuwapeleka kwa usalama, dira tunayo moja, wazazi wengi hawataki kusikia habari ya kuogelea ziwani, na uwanja wetu ni mawe ya volkano kutoka ukuta hadi ukuta.

Naomba ushauri juu ya mambo mawili. Kwanza, ni stadi zipi ambazo mtoto wa umri huu anaweza kujifunza humu mjini na zikamfaa kweli? Pili, nimpime kwa maswali mbele ya wenzake, kama ilivyokuwa desturi, au kwa njia nyingine? Sipendi beji ishonwe kwenye shati la kila aliyelipa ada, lakini sipendi pia mtoto mwenye haya aikose kila mara kwa sababu tu hawezi kusema mbele ya watu.

Kiongozi wa zamani, Katindo

Akela, nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua mengine yote. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipowaanzishia watoto wadogo utaratibu wao mwaka 1916, hakuwataka washindane na skauti wakubwa, na alishikilia kwamba kipimo cha beji ni bidii ya mtoto mwenyewe. Luveto anaahidi kufanya kadiri ya uwezo wake. Basi usimwulize mtoto fundo linaitwaje. Mpe kamba na kazi inayohitaji fundo, kisha umtazame akiifanya. Umtazame tena baada ya majuma machache, akiwa amesahau kwamba anapimwa, na mzazi athibitishe kwamba nyumbani pia anaifanya. Yule mwenye haya mwombe amfundishe mdogo wake pembeni, nawe utajua anachokijua bila kumsimamisha mbele ya kundi.

Kuhusu dira, mji wetu wenyewe unatosha. Mtoto akielekeza uso Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ameelekea kaskazini. Ziwa liko mgongoni, Gisenyi iko mkono wa kuume, na barabara ya Sake iko mkono wa kushoto. Akiisha kulishika hilo, msimike kijiti wima mahali palipo tambarare asubuhi, atie alama kwenye ncha ya kivuli, na baada ya nusu saa atie alama ya pili. Mstari unaounganisha alama hizo unakwenda takriban kutoka magharibi hadi mashariki, na ile alama ya kwanza ndiyo ya magharibi. Hapo atauhakiki mlima kwa jua na jua kwa mlima, na siku ambayo mawingu yameufunika mlima hatapotea. Baada ya hapo achore ramani ya njia yake kutoka nyumbani hadi shuleni: kisima, kanisa, msikiti, mahali wanaposimama motari, yaani waendesha pikipiki za abiria. Dira yako moja itatosha kabisa kwa kuthibitisha kazi zao.

Mafundo nayo yapewe kazi ya kweli. Bidoni, yaani dumu, tupu ya lita 20 iliyofungwa kifuniko sawasawa huelea, na mtu anayezama anaweza kuishikilia. Mfundishe mtoto kuifunga kamba kwenye mpini kwa kuizungusha mara mbili na kuikaza kwa mafundo mawili, kisha airushe hadi kwenye duara ulilochora uwanjani, aivute, airushe tena. Ajue pia kwamba mwenzake akianguka majini yeye haingii kumfuata: anapiga kelele kuita mtu mzima, anarusha bidoni, na anabaki nchi kavu. Kwa mji ulio kando ya ziwa naiona beji hii kuwa ya lazima, na hakuna mzazi atakayeikataa, kwa kuwa yote hufanyika uwanjani.

Moto wafundishwe kwa mbabula, yaani jiko la makala (mkaa), nje, mtu mzima akiwa karibu.

Mama Muuguzi, Ndosho

Nimefurahi kuisoma habari ya bidoni, na ninaomba kuongeza mambo ya afya.

La kwanza ni mazuku, yaani mahali panapotuama gesi inayoua. Himbi, na upande wote wa magharibi kuelekea Sake, ni sehemu ambayo gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutuama mabondeni na mashimoni. Haionekani. Hukusanyika zaidi usiku na alfajiri, wakati upepo umetulia, na mtoto, kwa kuwa yuko karibu na ardhi, humkuta kwanza. Skauti mdogo wa Goma anapaswa kujua kwamba hatelemki shimoni kufuata mpira, kwamba ndege au panya waliokufa mahali pamoja ni alama ya hatari, na kwamba mwenzake akianguka humo hamfuati bali anakimbia kuita watu wazima. Nanyi viongozi, siku mtakapopiga kambi, msisimike hema bondeni hata kama ndipo pekee pasipo na mawe.

La pili ni kuungua, kwa kuwa mmetaja mbabula. Mtoto ajifunze kupoza palipoungua kwa maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, asipake dawa ya meno wala mafuta, na amwambie mkubwa mara moja. Maji ni ghali kwetu, ninajua, lakini beseni moja la maji safi linatosha kutumbukiza mkono. Ajue vilevile kwamba mbabula yenye makala yanayowaka hailali chumbani, kwa sababu moshi wake usioonekana huua familia nzima usingizini.

Wale wa miaka 10 na 11 wanaweza kujifunza maji ya chumvi na sukari ya mtu anayeharisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Hapa sikubaliani na wazo la kupima bidii peke yake. Chumvi ikizidi inadhuru, kwa hiyo kipimo kiwe sahihi au beji isubiri.

Kiongozi wa zamani, Katindo

Mama, ninakubali kabisa. Panapohusu uhai, bidii bila usahihi haitoshi.

Mwalimu wa Majengo

Ninyi nyote mmesema vizuri, lakini ninaona jambo la kutangulia mengine limeachwa. Mlima ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na tena watu walipoamriwa kuhama tarehe 27, watoto wengi walitenganishwa na wazazi wao barabarani. Mtoto mdogo akiulizwa jina la mama yake hujibu «Mama». Basi beji ya kwanza kabisa iwe hii: aseme majina kamili ya wazazi, avenyu na mtaa anaokaa, namba ya simu moja kwa moyo, na mahali ambapo familia imekubaliana kukutana. Ajue pia maana ya rangi za tahadhari ya volkano, kijani, manjano, machungwa na nyekundu, na awe amepanga pamoja na wazazi mfuko mdogo wa safari.

La pili ninalisema kwa uchungu, lakini ni lazima. Baada ya mapigano kuna risasi na mabomu yaliyobaki viwanjani na mashambani. Usiwatume watoto kuokota vyuma au kutafuta vitu vilivyofichwa mahali ambapo hamjakagua ninyi wenyewe. Akiona chuma asichokijua hakigusi kwa udadisi: anasimama, anarudi kwa njia aliyojia, anamwambia mkubwa.

Kuhusu mbabula, mtoto wa miaka 8 kwangu bado. Apange makala na kuwasha awashe mwenye miaka 10.

Akela wa Himbi

Asanteni sana. Nitaanza na beji ya majina, simu na mahali pa kukutana, kisha bidoni, kisha pande nne za mji. Makala wadogo watapanga tu. Mama Muuguzi, ikiwa utapata nafasi Jumamosi moja, ninakuomba uje ututembelee: ningependa wazazi wasikie habari ya mazuku pamoja na watoto wao, kwa kuwa wapo waliohamia mtaani kwetu hivi karibuni na hawayajui.

Mama Muuguzi, Ndosho

Nitakuja. Waambie kila mmoja aje na kijiko kidogo cha nyumbani kwao, kwa sababu vijiko havilingani, na tutavipima vyote.