HIF-1α kwenye saratani ya utumbo mpana: slaidi moja imekolea, nyingine tupu

MsangaMkuu (Mtwara): Wakuu, habari za kazi. Tunatafuta protini zinazopanda uvimbe wa utumbo mpana ukikosa oksijeni. HIF-1α (protini inayowasha jeni nyingine seli ikikosa oksijeni) inatuchanganya: slaidi moja viini vyote vya seli vimekolea rangi, hata kwenye tishu isiyo na saratani, nyingine haina kitu, ingawa uvimbe una sehemu kubwa iliyokufa. Slaidi tunazichemsha kwenye bafa ya sitreti pH 6.0 kwa dakika 20. Tubadili kingamwili (ile inayoshika protini hiyo kwenye slaidi)?

Lukuledi: Msinunue chochote bado. Seli hutengeneza HIF-1α muda wote. Oksijeni ikiwepo, vimeng'enya vya PHD huitia alama, VHL (protini inayotambua alama hiyo) huikamata, proteasomu (mashine ya seli ya kuvunja protini) huisaga ndani ya dakika chache. Ndiyo maana kupima RNA yake hakusaidii sana. Mchezo wote uko kwenye kuvunjwa kwa protini.

Sasa mpasuaji akifunga mishipa ya damu, utumbo mzima unakosa oksijeni, pamoja na ule usio na saratani. Kipande kikikaa kwenye beseni saa mbili, mnasoma beseni, si uvimbe. Andikeni saa mishipa ilipofungwa na saa kipande kilipoingia formalini (dawa ya kuhifadhi tishu). Pasueni utumbo kwa urefu, osheni, kateni vipande visivyozidi milimita 5, maana formalini hupenya takriban milimita 1 kwa saa. Ujazo wake uwe mara 10 hadi 20 ya kipande, muda saa 6 hadi 72. Basi la kupeleka sampuli Dar likichelewa, vipande vihamishieni kwenye alkoholi ya 70%.

MsangaMkuu: Formalini tunachanganya wenyewe, moja kwa tisa na maji ya bomba.

Mikindani_Patho: Hapo napo pana shida, mkuu. Bila bafa inageuka asidi, na kwenye tishu yenye damu huacha chembechembe za kahawia-nyeusi ambazo mtu huzidhania ni rangi ya DAB (ile ya kahawia inayoonyesha kingamwili iliposhika). Kwa lita moja: formalini kali ml 100, maji yaliyochujwa kwa mvuke ml 900, NaH₂PO₄ yenye molekuli moja ya maji g 4, Na₂HPO₄ kavu g 6.5.

Halafu HIF-1α isisimame peke yake, ongezeni CAIX (kimeng'enya cha kurekebisha asidi) na GLUT1 (protini inayoingiza glukosi kwenye seli). Hizi huwashwa na HIF lakini hazipotei haraka hivyo. CAIX itafuteni kwenye utando wa seli, mara nyingi kama mkanda unaozunguka sehemu iliyokufa, kwa sababu oksijeni huishia mikroni 100 hadi 200 hivi kutoka kwenye kapilari. Kipimo chake cha kulinganishia: utando wa ndani wa tumbo, usio na ugonjwa. Kwa GLUT1 mnacho tayari humo humo: chembe nyekundu za damu zisipokolea, slaidi hiyo tupeni.

Lukuledi: Nakazia. HIF-1α hesabuni kiini tu, saitoplazimu achaneni nayo. Na Dar pelekeni bloku (tishu iliyogandishwa ndani ya nta), wakate huko huko. Slaidi zilizokatwa zikikaa wiki kadhaa kwenye joto la huku antijeni (sehemu ya protini ambayo kingamwili hushika) huchakaa.