NIMETUNGA NENO: BANAHASARA. Mfuko wa majani umechomolewa kwenye kikombe cha mteja ukatumbukizwa kwenye changu!!

Mnyonge wa Posta:
Wakuu salamu baadaye, natetemeka hapa, naandika na simu nimekaa kwenye ngazi za ofisi. Yule bwana, bosi wetu, mnamjua. Mnamjua wote, hata usipofanya kazi kwetu unaye wa kwenu. Leo saa nne asubuhi kachomoa mfuko wa majani ya chai kwenye kikombe cha MTEJA, kwa vidole vyake viwili, unachuruzika, kaupitisha juu ya meza, juu ya nyaraka za watu, kautumbukiza kwenye kikombe changu mimi. Halafu anasema "huu bado una rangi". BADO UNA RANGI wakuu!!

Ngoja nirudi nyuma mnielewe. Sisi ni wakala wa forodha, tunatoa makontena bandarini. Mwezi uliopita akaanza kubana matumizi, ukimuuliza anakukumbusha mwaka 2015 sherehe za Uhuru za 9 Desemba zilivyofutwa watu wakashika mafagio, eti na yeye anafuata nyayo. Akaanza na intaneti. Kakata, kila mtu atumie bando lake. Sasa kazi yetu yote iko kwenye mfumo wa forodha, bila mtandao huingizi hata karatasi moja. Bando langu la buku likakata katikati napandisha nyaraka za mama mmoja wa Kariakoo, mzigo wake wa vyombo kutoka Guangzhou, ilikuwa Ijumaa jioni, kuja kukaa sawa Jumatatu siku za bure za kuweka mzigo bandarini zimeisha, storeji inasoma, na wenye meli nao wanadai hela yao ya kukalia kontena. Alichookoa kwenye intaneti ni hela ya wali maharage, kilichotoka ungewanunulia bando wafanyakazi wote mpaka wajukuu zao wastaafu.

Leo mama kaja kudai maelezo, kavimba. Nikamkaribisha, nikamwandalia chai, taratibu akaanza kushuka, hata pole akanipa. Ndipo yule bwana akatokea na vile vidole. Tone moja likaangukia kwenye ankara ya mama, likachora duara la kahawia pale pale kwenye jumla. Mama kalitazama duara, kanitazama mimi, akasema: "Mwanangu, kama mfuko wa chai mnapokezana, kontena langu mtapokezana na nani? Nipe karatasi zangu." Kaondoka. Na makontena yake mengine mawili yaliyoko baharini kaondoka nayo.

Na mchana huu nimeambiwa hasara nakatwa mimi kwa sababu "huduma kwa mteja ilikuwa mbovu". MIMI! Vidole vyake, mshahara wangu!

Kiswahili hakina neno la huu ushenzi. "Ubahili" halitoshi, bahili angalau hela inabaki kwake. Nimetunga langu: BANAHASARA. Unabana mia unazaa milioni. "Leo ofisini kumetokea banahasara." Litumieni jamani. Unachuruzika wakuu, unachuruzika juu ya meza yote!

Spana Namba 13:
Swali la msingi mkuu, uliinywa?

Bibi Tangawizi:
Hahahaaa "bado una rangi" nimecheka mpaka mtoto kaamka. Ila na wewe baba zima unalia kwa ajili ya chai ya mfuko? Hiyo nayo chai? Chai inachemshwa kwenye sufuria na tangawizi, mdalasini na iliki, hakuna wa kukuchomolea kitu humo.

Sarufi Mkononi:
Mleta uzi pole kwa yaliyokukuta, ila neno lako lina kasoro kubwa. Kipazasauti kinapaza sauti. Chemshabongo inachemsha bongo. Kwa hiyo banahasara inaBANA hasara, yaani inaizuia, huyo bosi wako umempa sifa. Mimi napendekeza tuunganishe vipande kama walivyofanya kwenye chajio na chamcha: ubahili + ghali = UBAGHALI. Ubahili unaokugharimu. Mtendaji wake ni baghali, wingi mabaghali.

Spana Namba 13:
Baghali 😂😂 limekaa kama tusi kabisa. Mkuu Sarufi chukua maua yako. Mleta uzi jibu swali, uliinywa?

Mnyonge wa Posta:
Sarufi sitaki kusahihishwa leo, ungeona vile vidole usingeongelea kipazasauti. Na wewe Spana acha. Kikombe kipo mezani mpaka saa hizi, hakuna aliyekigusa.

Hamali Mstaafu:
Hakuna neno linaloanzia kwenye vikao. Kuchakachua lilianzia kwenye mafuta, watu wanachanganya dizeli na mafuta ya taa, uchaguzi wa 2010 ulipofika likahamia kwenye kura, leo hata mahari inachakachuliwa. Wenyewe walidhani wanaokoa, injini za malori zikafa barabarani. Huo ndio ubaghali wa kwanza nchi hii. Na huyo bosi wako asisingizie 2015, hela za zile sherehe zilienda kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, tunapita. Mfuko wake wa majani umepanua nini?

Pwani Asili:
Nyinyi mwalilia chai. Huku Mombasa mkubwa wetu amezima lifti, kisa bili ya stima. Ofisi iko orofa ya sita. Wallahi mitungi ya maji ya kunywa sasa yapandishwa na hamali wawili, kila siku walipwa, na mmoja wao ameteleza mtungi ukashuka ngazi zote sita ukimfuata mlinzi. Mlinzi yuko likizo ya matibabu, kwa gharama ya nani? Ya mkubwa. Ubaghali mtupu.

Mwalimu wa Kata:
Afadhali yenu nyote. Mkuu wetu wa shule kaagiza mtihani uchapwe kurasa nne kwenye karatasi moja, tuokoe rimu. Ramani ya Jiografia ikatoka kama stempu. Watoto wanaulizwa mto unaelekea wapi, mmoja kaandika "mwalimu mto siuoni". Mzazi kalalamika, mtihani umerudiwa, rimu zimetumika mara mbili na wino juu. Nimesimamia mara zote mbili bila hata soda.

Mnyonge wa Posta:
Mwalimu pole sana, ila jamani turudi kwenye mada. Mbele ya MTEJA. Mteja mwenye makontena matatu. Tone kwenye ankara!

Kondakta Msomi:
Bora hata soda mwalimu. Tajiri yangu kanunua matairi kipara kwa mtu anayebomoa magari, kaokoa elfu sitini. Wiki ya kwanza pancha nne, wiki ya pili tairi limepasuka Buguruni na abiria wamejaa, nauli zote tukarudisha. Jioni anataka hesabu kamili. Hesabu ya nini sasa? Tajiri wangu ni baghali namba moja.

Spana Namba 13:
Kondakta mnapeleka hesabu shilingi ngapi kwa siku njia hiyo? Nina hela kidogo nafikiria kununua gari dogo la abiria.

Kondakta Msomi:
Usinunue. Ila ukinunua njoo PM nikuendeshee, na matairi mapya tafadhali.

Bibi Tangawizi:
Mdalasini mnanunuaga wapi siku hizi? Wa sokoni kwetu hauna harufu kabisa, kama unachemsha mbao.

Pwani Asili:
Dada ule ni magome ya mti uitwao kasia, si mdalasini wenyewe. Uliza watu wa Unguja wakupe wenye maganda membamba.

Mnyonge wa Posta:
JAMANI MSHAHARA WANGU UNAKATWA

Bibi Tangawizi:
Asante Pwani. Kwa sufuria la watu sita naweka vijiti vingapi?